Mihimili mitatu si ya Locke

Ndugu, umeuliza kama ni John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliyeleta mihimili mitatu ya dola, yaani bunge, serikali na mahakama. Hapana, ingawa wengi tunamchanganya na Montesquieu. Locke naye alitaja mamlaka matatu, ila la tatu kwake halikuwa mahakama. Lilikuwa mamlaka ya vita, amani na mikataba na mataifa mengine. Aliyeitenga mahakama ikasimama peke yake ni Montesquieu, Mfaransa, mwaka 1748.

Kinachonichekesha ni kwamba mfano wake alisema ni Uingereza, na huko aliishi kuanzia 1729 hadi 1731. Sasa Uingereza ya wakati ule mawaziri walikuwa wanakaa bungeni, kama ilivyo hadi leo. Lord Chancellor, mwenye cheo kikubwa cha huko, ndiyo usiseme: waziri yeye, jaji yeye, na Baraza la Malodi, sehemu ya bunge lao, analiongoza yeye! Kofia tatu kichwa kimoja, na hakuzivua mpaka mageuzi ya sheria ya 2005.

Wamarekani ndio waliochukua maandishi ya Montesquieu wakayatenda kweli. Katiba yao ya 1787 inakataza mtu kushika wadhifa serikalini huku akiwa mbunge. Seneta akiteuliwa waziri, anaacha kiti. Kenya nao walifuata njia hiyo katika katiba ya 2010, wakati Tanzania waziri lazima awe mbunge kwanza, mtindo wa London huo.

Kwa hiyo kwenye mtihani andika Montesquieu. Locke mwachie haki za asili na ridhaa ya watawaliwa.