Maswali ya Wasomaji: Ripita ya Sola Inayozima Siku ya Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi majirani wa vitongoji vitatu karibu na Lushoto tumejenga mtandao mdogo wa redio za LoRa, zinazofikisha ujumbe mbali kwa umeme kidogo, kwa programu ya Meshtastic, ili tupelekeane ujumbe mfupi hata minara ya simu inapokosa umeme. Ripita yetu, yaani redio inayopokea ujumbe na kuurusha tena, iliyofungwa kwenye paa la ghala la mboga, ina bodi yenye chipu ya ESP32, paneli ya wati 1 na betri moja ya volti 3.7 na miliampia-saa 3,000, lakini huzima ifikapo siku ya tatu hata jua likiwaka. Je, tununue paneli kubwa zaidi? Na walio nyuma ya kilima, ambao hawapati ujumbe, tuwaongezee nguvu ya kurushia?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kununua paneli, tazama bodi. ESP32 ikisikiliza mchana na usiku hula takriban miliampia 100, yaani karibu wati-saa 9 kwa siku, ilhali paneli ya wati 1 ikipata saa tano za jua kali haileti zaidi ya wati-saa 5. Betri yako hubeba wati-saa 11 hivi, na kwa kuwa kila siku inapungukiwa na 4, kuzima siku ya tatu ni hesabu tu, wala si ubovu wa betri, ingawa wauzaji wengi wangefurahi kukuuzia nyingine.

Paneli ya wati 5 ingeziba pengo hilo wakati wa jua, lakini wewe unaishi Usambara, ambako ukungu unaweza kukaa juma zima, na betri hiyo hiyo ingekwisha baada ya siku moja na ushei. Bodi yenye chipu ya nRF52840, kama RAK4631, hutumia takriban miliampia 10, yaani chini ya wati-saa 1 kwa siku. Betri yako pekee, bila jua lolote, ingeiendesha kwa siku kumi au zaidi. Ile ya ESP32 usiitupe, bali iweke nyumbani kwa mtu mwenye umeme.

Kuhusu walio nyuma ya kilima, mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo nguvu zaidi hazitapenya udongo na mawe. Ihamishie ripita mgongoni mwa kilima, mahali panapoona mabonde yote mawili, hata kama ni mlingoti mfupi tu. Ripita moja iliyokaa vizuri inatosha, na wengine wabaki watumiaji wa kawaida, kwani kila kinachorudia ujumbe hujaza hewa. Kwa kawaida ujumbe hurudiwa mara tatu tu, na kikomo cha programu ni saba. Masafa na nguvu mtakayotumia viulizeni kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha bodi na antena zote ziwe za masafa hayo hayo.

Sanduku la ripita liwe la plastiki, kwa kuwa chuma huziba mawimbi, na tundu la waya lielekee chini ili mvua isiingie. Antena ifungwe kabla ya kuunganisha betri, kila mara, kwa sababu nguvu inayokosa pa kutokea hurudi kwenye redio na inaweza kuiunguza.