Fundi, niagize ripa ya vipande au nitengeneze hapa hapa?

Maswali ya wasomaji hujibiwa na fundi vyuma wa Kibaigwa, mkoani Dodoma.

Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa alizeti na mtama, Kongwa. Nina trekta Massey Ferguson 375 nililolinunua likiwa limeshatumika. Mpwa wangu yuko Marekani, na amenionyesha kwenye simu jinsi wakulima wa kule wanavyonunua vifaa vya trekta vikiwa vipande: pleti zimeshakatwa na kutobolewa, zimefungwa kwenye boksi, kazi yako ni kupanga na kuchomelea. Mimi nataka ripa ya meno matatu, ya kupasua ardhi ngumu, kabla ya mvua. Mashine ya kuchomelea ninayo na kijana wa kuitumia yupo. Aniletee?
*Msomaji, Kongwa*

Marahaba, ndugu yangu. Usimwambie alete bado. Mpigie kwanza umuulize anachokiangalia kinafungwa wapi kwenye trekta. Vipande vingi vinavyouzwa kule ni vya mbele: ndoo, makucha ya kubebea magogo, uma za kunyanyulia mizigo. Vinafungwa kwenye mikono ya kupakia ambayo trekta la kule huja nayo au huongezewa. La kwako mbele lina rejeta na vyuma vya uzito, basi. Kifaa chako lazima kifungwe nyuma, kwenye mikono miwili ya chini na toplinki, yaani ule mkono wa juu wa katikati.

Ukishahakikisha ni cha nyuma, chukua kalipa (chombo cha kupimia matundu na pini) uende kwenye trekta. Pima tundu la gololi ya mkono wa chini. Likiwa la milimita 22 ni kategori ya kwanza, ya matrekta madogo. Likiwa la milimita 28 ni ya pili. Pini ya toplinki ni milimita 19 kwa ya kwanza na 25 kwa ya pili. Upana kati ya mikono nao unatofautiana: karibu milimita 683 kwa ya kwanza na 825 kwa ya pili. Trekta la nguvu za farasi 75 kama lako kwa kawaida ni kategori ya pili, ila lililotumika limepita mikono mingi na gololi huenda zilibadilishwa, kwa hiyo pima, usikisie. Wanaonunua vipande kule wengi wana matrekta madogo ya nyumbani, na vipande vimekatwa kwa saizi hiyo. Ukifunga kifaa cha pini ya 22 kwenye tundu la 28 kitacheza, na chuma kinachocheza ndani ya udongo wa Kongwa hakimalizi msimu.

Udongo huo unaujua kuliko mimi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga hapo hapo Kongwa, wakaandaa hadi vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Kiangazi kikashika, udongo ukawa kama zege, majembe yakaisha, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa. Wewe ripa utaipitisha Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa kavu kabisa, kwa sababu ndipo lile gamba gumu chini ya kina cha jembe la sahani linapopasuka vizuri na mvua ya kwanza ikapata pa kuingia. Ni wakati sahihi, lakini ndio wakati chuma kinapoumia kuliko mwezi wowote. Kwa hiyo ningekushauri uanze na meno mawili. Fremu iache nafasi ya la tatu, ulifunge ukishaona trekta linavuta bila kuinua pua.

Sasa boksi lenyewe. Chuma kina uzito usiobembelezeka. Pleti moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 10 ni karibu kilo 234. Kusafirisha uzito wa namna hiyo kutoka Marekani wakati pleti ile ile inauzwa hapa ni kulipia nauli ya kitu ulichonacho. Faida ya vile vipande iko kwenye ukataji. Mashine inayoongozwa na kompyuta imekata kila pleti kwa kipimo, imetoboa matundu mahali pake, na imeacha ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ukipachika vinakaa vyenyewe kwenye pembe. Mwambie mpwa wako akununulie mchoro wa kukatia kama wanauuza, akutumie kwa simu, wewe ukakatishe kwenye karakana yenye plazima ya kompyuta. Dar es Salaam zipo. Jambo moja la kumwambia mkataji: wenzetu hupima kwa inchi. Pleti yao ya nusu inchi ni milimita 12.7, yetu ni 12. Pleti yao ya inchi tatu kwa nane ni 9.5, yetu ni 10, na ukikata mifereji kama ilivyochorwa, ulimi wa 10 hauingii kwenye mfereji wa 9.5. Mifereji irekebishwe kabla ya kukata. Boliti vilevile, badilisha matundu yawe ya milimita ili uzipate Kibaigwa siku moja ikikatika.

Nije kwenye kuchomelea, maana hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Mwaka 2014 nilitengeneza fremu ya ripa ya mteja wa Mkoka. Nilipima vizuri, nikatia tak (nukta za kushikiza kwanza), nikaanza kuchoma masikio ya mkono wa kushoto, vile vipande vyenye tundu la pini, mshono mzima bila kupumzika, kisha nikahamia kulia. Jua lilikuwa linazama na mteja amekaa kwenye ndoo ananisubiri. Fremu ilipopoa, nafasi kati ya masikio ilikuwa imepungua milimita 9. Chuma cha moto kikipoa kinajikunja, kinavuta kila kilichoshikamana nacho. Pini ikakataa kuingia. Nikachukua nyundo ya kilo 5 nikaipiga mpaka ikaingia, nikamkabidhi. Siku ya tatu akarudi na sikio limepasuka, ufa umeanzia pale mshono unapoishia. Nilimtengenezea upya bure, lakini siku zake tatu za kulima sikuweza kumrudishia, na mvua haikumsubiri.

Tangu siku hiyo sichomi masikio bila shafti. Tafuta shafti iliyonyooka ya milimita 28, ipenyeze kwenye masikio yote manne kwa pamoja, ndipo utie tak. Shafti ibaki humo mpaka kazi iishe na chuma kipoe chenyewe, usikimwagie maji. Choma sentimita 5 kushoto, nenda kulia uchome 5, rudi upande wa nyuma. Kijana wako ataona unamchelewesha. Mwache aone hivyo.

Kabla ya mshono wa mwisho, ukiwa bado kwenye tak, funga fremu kwenye trekta. Inyanyue mpaka juu kabisa, angalia kama toplinki inagusa popote na kama meno hayafiki kwenye tairi. Ishushe, ifungue, ukachomee pembeni. Usichomelee kifaa kikiwa kimefungwa kwenye trekta, na ukilazimika, chomoa betri na waya za oltaneta, na bano la waya wa ethi libane jirani na unapochoma. Mkondo ukipitia kwenye bearingi unaacha vidonda ambavyo huvioni mpaka ianze kulia.

Rodi gani? Hilo linategemea mashine. Kama ni transfoma ya kusuka mtaani, tumia 6013. Watu wanasifia 7018, na kweli mshono wake ni mgumu kupasuka, lakini inakwenda vizuri zaidi kwa mkondo wa dici (DC), na kwenye mashine nyingi za mtaani zinazotoa esi (AC) rodi hugandaganda tu. Ukiwa na inveta inayotoa dici, 7018 ya milimita 3.2 kwenye ampia 110 hadi 130 ndiyo ningeichagua kwa masikio na nguzo ya toplinki. Iwe kavu. Pakiti ikishafunguliwa ikalala kwenye sakafu ya saruji, rodi inanyonya unyevu na mshono unakuwa na vitundu. Mimi zangu nazihifadhi kwenye debe la mafuta lenye kifuniko, ndani kuna balbu ya wati 60 inawaka mchana kutwa. Pleti ya milimita 12 inole kingo kwa grenda iwe mteremko, ujaze kwa mapito matatu, na gamba lisuguliwe lote kila pito kabla ya kupanda jingine.

Na kabla kijana hajagusa fremu, mpe jaribio hili. Achukue vipande viwili vya pleti ile ile, kama upana wa kiganja, avisimamishe kama herufi T, achomee upande mmoja tu. Kikipoa, kibane kwenye jiriwa na ukipige nyundo kutoka upande usio na mshono, ili kipande kilalie upande wa mshono na shina livutwe. Kipige mpaka kivunjike au kilale kabisa. Kikivunjika, tazama ndani. Ukiona rangi ya kijivu, chuma kimekwanyuka kama nyuzi kutoka pande zote mbili, yuko tayari. Ukiona mstari mweusi wa gamba katikati, au kona ya ndani bado ina ncha kali ya pleti kama ilivyotoka kukatwa, rodi ilipita juu bila kuyeyusha shina. Aongeze ampia, apunguze mwendo, avunje kingine. Nimeona mishono mizuri kwa macho, imepangika kama magamba ya samaki, ikaachia kwa pigo la kwanza. Sikio la ripa likiachia, kifaa cha zaidi ya kilo mia kinaning'inia upande mmoja, na watoto wetu wana tabia ya kukimbia nyuma ya trekta.

Ncha za meno usizichomee kwenye mguu. Watu wengi hukata springi ya lori, na ni chuma kizuri, lakini kina kaboni nyingi. Ukikichoma kikiwa baridi kinapasuka pembeni ya mshono, wakati mwingine usiku huo huo kikiwa kimelala karakanani. Toboa, ufunge kwa boliti mbili. Ncha ikiisha, igeuze. Ikiisha tena, ibadilishe.

Fundi shikamoo. Nimemaliza kozi ya uchomeleaji VETA na niko Mpwapwa. Nimefikiria kuuza fremu za ripa na matela zikiwa vipande, wanakijiji wakajichomelee wenyewe. Wenzangu wananicheka, wanasema hakuna atakayenunua chuma kisichoungwa.
*Dada wa Mpwapwa*

Marahaba mwanangu. Wazo lako ni zuri na lina sababu inayolingana na huku kwetu: fremu nzima inataka kukodi fuso, vipande vya kilo 40 vinaingia kwenye buti la basi. Vijijini mafundi wenye mashine wapo. Kinachowashinda ni kukata pleti nene kwa kipimo na kutoboa tundu la milimita 28 likawa duara kamili. Uza hicho.

Usiuze kila mshono, lakini. Masikio ya mikono na nguzo ya toplinki yachomelee wewe, kwenye jigi yako (fremu ya kushikia vipande visisogee), na shafti ikiwa ndani. Vilivyobaki vifungwe kwa boliti au wavichomee wao. Jigi itengeneze kwa chaneli nzito, uipime kila Jumatatu. Piga namba kwa tindo kwenye kila kipande, na namba hiyo hiyo kwenye kile kinachopakana nacho, fundi asome chuma chenyewe maana karatasi itapotea. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, Dodoma na ripa moja iliyokamilika, usiende na maneno, uwaulize kuhusu mafunzo na mkopo. Na hiyo ya kwanza usiiuze. Mpe mkulima mmoja aitumie msimu mzima, kisha uende ukaikague mshono kwa mshono ukiwa na brashi ya waya.

Nilitumia mabomba ya zamani ya maji kutengeneza fremu ya tela. Usiku nikapata homa na baridi kali, kifua kinabana. Mafundi wanasema ninywe maziwa kabla ya kuchoma. Ni kweli?
*Msomaji, Bahi*

Si kweli, kaka. Mabomba hayo yamepakwa zinki, na moshi wake mweupe ndio uliokupa homa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Homa yenyewe kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kama kifua bado kinabana au unakosa pumzi, nenda hospitali leo na uwaambie ulichomelea nini. Ukirudi kazini, saga zinki kwa grenda sentimita 5 kila upande wa mshono ukiwa umefunika pua na mdomo, choma nje, na usimame upepo ukutokee ubavuni, usivume kuelekea usoni. Kisha uliangalie tena hilo tela: bomba la maji ni jembamba kwa kubeba magunia ya mtama. Liongezee engo chini kabla hujalipakia.