Mnaoanza kusafisha sauti, acheni kelele kidogo

Wadogo zangu, nimesikiliza tena rekodi mlizosafisha. Nyuma kimya kabisa, na msemaji haeleweki. Tuelewane mapema, maana kosa hili nimeshalisikia mno.

1. Sampuli ya kelele, kile kipande programu inachojifunzia kelele ilivyo, itoke kwenye rekodi hiyo hiyo, pale msemaji aliponyamaza kweli. Pumzi ikiingia humo, programu itaidhania kelele na kuanza kula kila "s" na "f".

2. Mvumo wa umeme wa 50 Hz una ndugu zake: 100, 150 na kuendelea. Tumieni filta nyembamba, inayokata masafa hayo tu. Ngurumo zilizo chini ya 80 Hz kateni tu.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza. Njia ya kutoa kelele aliyoieleza mtafiti Boll mwaka 1979 mnaijua: gawa sauti katika fremu, yaani vipande vifupi vya milisekunde 20 hadi 30, kadiria kelele kwa kila masafa (frikwensi), toa kadirio hilo, unganisha upya. Lakini mnachotoa ni wastani, na kelele yenyewe hupanda na kushuka. Vilele vilivyouzidi wastani hubaki peke yavyo, vikiwaka na kuzimika, na sikio husikia milio midogo midogo, ile tunayoiita kelele ya muziki. Mkiisikia mnakimbilia kuongeza kiwango cha kutoa. Milio inapungua, sawa, ila na konsonanti zinaondoka nayo. Mmoja wenu aliniletea mahojiano akiwa na furaha tele, kwenye spektrogramu, ile picha ya masafa ya sauti, nyuma kumekuwa kweusi tii. Nikamwambia azisikilize zote mbili, ya asili na aliyoisafisha, kwa ukubwa mmoja wa sauti. "Fika" ilikuwa imebaki "ika". Kelele ya feni ilikuwa imeondoka, na nusu ya maneno pia. Mtafiti Berouti na wenzake walishalijibu hili mwaka huo huo wa 1979: usishuke hadi sifuri, acha sakafu ya kelele, yaani kelele kidogo inayobaki chini, iifunike ile milio. Mimi hupunguza kelele kwa desibeli 10 hivi, basi. Feni inayosikika kwa mbali haimzuii mtu kuelewa.

4. Mwangwi wa chumba ni sauti ya msemaji mwenyewe inayorudi, kwa hiyo sampuli ya kelele haiugusi. Sogezeni maikrofoni: umbali ukipungua nusu, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka takriban desibeli 6, bila filta yoyote.

5. Kama rekodi inakwenda kwenye mashine ya kutambua usemi, ijaribuni kwanza bila kuisafisha. Mara nyingi mashine huvumilia kelele zaidi kuliko konsonanti zilizofutwa.