Dume Mdogo Akipita Mbele Yako

Kila mgeni ninayempandisha kwenye kichanja cha kuwindia huniuliza swali lilelile, na huniuliza wakati mbaya: "Huyu nimpige au nimwache?" Ananong'ona, bunduki iko begani tayari, moyo unamdunda, na dume wa kulungu mwenyewe yuko hatua sitini anatafuna mbegu za mwaloni. Saa hiyo hakuna ushauri unaoingia. Mtu ambaye damu imemchemka huona pembe tu. Kwa hiyo ninyi mnaoanza kuwinda huku Pennsylvania, Marekani, swali hili lijibuni nyumbani, mmekaa, chai iko mkononi, wiki nzima kabla ya msimu.

Nianze na jina, maana linatuchanganya sisi tunaozungumza Kiswahili. Tunamwita kulungu, lakini kulungu wa misitu ya kwetu ana pembe za maisha. Akizivunja ndiyo basi. Huyu wa huku, mwenye mkia mweupe, huota pembe upya kila mwaka. Huchipuka baridi inapoisha, zikakua ndani ya ngozi laini kama mahameli, Septemba akaisugua ngozi ile kwenye miti mpaka ichanike, na kuanzia Januari hivi zikadondoka. Ukubwa wa pembe, basi, ni hesabu ya mambo matatu: umri, chakula, na ukoo. Wanazaliwa Mei na Juni nasi tunawinda Novemba na Desemba, ndiyo maana umri wao tunautaja na nusu: mwaka mmoja na nusu, miwili na nusu, na kuendelea. Dume wa mwaka mmoja na nusu bado anajenga mifupa ya mwili, na pembe hupata masalio. Akifika minne na nusu mwili umeshakamilika, na kinachobaki hupanda kichwani. Katika yale matatu, ukoo huwezi kuubadilisha, chakula unaweza kidogo sana, ila umri unaweza kumpa leo hii kwa kutokukaza kidole.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kabla ya 2002, hapa Pennsylvania karibu dume yeyote mwenye pembe ya kuonekana alikuwa halali, na takribani 80 katika kila madume 100 waliopigwa walikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Aliyeuona msimu wake wa pili alikuwa mwenye bahati. Gary Alt, mtaalamu wa dubu aliyekabidhiwa kulungu wa jimbo zima, alizunguka ukumbi hadi ukumbi akiwaeleza wawindaji, wengine wakimzomea, na mwaka huo 2002 sharti la ncha likaanza: dume halali awe na ncha tatu, yaani matawi ya pembe, upande mmoja katika sehemu kubwa ya jimbo. Maeneo kadhaa ya magharibi yanadai tatu bila kuhesabu ile ndogo iliyo juu ya jicho. Ncha ni ile iliyofika inchi moja. Wenye leseni za watoto hawabanwi na sharti hilo. Na leseni yako inakupa dume mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukimpiga wa saa moja asubuhi siku ya kwanza, habari ya madume imekwisha mpaka mwaka ujao.

Mgeni akishayakariri haya hudhani amemaliza. Kumbe sheria inakwambia tu nani usimguse. Haikwambii nani umpige. Tazama yaliyotokea Mississippi. Mwaka 1995 waliweka sharti la jimbo zima, ncha nne kwa jumla, kwa nia njema kabisa ya kuwalinda wadogo. Lakini penye udongo mzuri dume wa mwaka mmoja na nusu aliyelishwa vizuri tayari ana ncha nne au zaidi, huku mwenzake dhaifu wa umri uleule ana vijiti viwili. Wawindaji wakawapiga wale bora na kuwaacha wale hafifu wakue. Baada ya miaka kadhaa watafiti wakakuta kwamba madume wakubwa wa maeneo hayo wamekuwa na pembe ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na jimbo likahamia kwenye kupima upana na urefu wa pembe. Texas nao, katika kaunti zenye sharti, wanadai inchi 13 kati ya pembe na pembe, takribani upana wa masikio yakiwa yamesimama. Kuhesabu ncha hakulindi umri. Umri utausoma wewe mwenyewe, mwilini.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Zoea kumfunika pembe. Nyanyua kidole gumba, kizibe kichwa chake, halafu umtazame mnyama aliyebaki. Ukiona jike, yaani shingo nyembamba, miguu mirefu kama ya kuazima, kiuno kimeingia, huyo ni wa mwaka mmoja na nusu hata kama kichwani amebeba ncha nane. Wa miwili na nusu ana mabega kiasi, ila bado miguu inamzidi mwili. Wa mitatu na nusu anafanana na farasi wa mashindano: kifua kimeshuka, shingo imevimba kwa msimu wa kupandana, lakini unaona wazi inapokutana na bega. Kuanzia minne na nusu miguu huonekana mifupi, tumbo na kifua vimekuwa mstari mmoja, na shingo haina tena mwanzo wala mwisho. Mzee zaidi ya hapo mgongo hubonyea na tumbo hulegea kama la mtu aliyestaafu vizuri.

Na tabia. Dume mdogo huja mbio, hutoka msituni bila kusimama ukingoni, hugeuka kutazama kitu kilekile mara tatu. Anaweza kukutazama kichanjani, akapiga mguu chini, akaondoka, akarudi baada ya dakika kumi kuhakikisha. Mkubwa hufanya hivyo usiku.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa hapohapo kwenye haraka. Msimu wangu wa pili nilikuwa na kibali cha wasio na pembe, tunachokiita cha jike. Jioni kulungu mmoja akatoka peke yake kwenye majani, hana pembe, nikasema ndiye. Nilipofika pale alipoanguka nikampapasa kichwa: chini ya manyoya, mbele ya masikio, vifundo viwili vya mviringo, ukubwa wa vifungo vya koti. Dume wa miezi sita. Kibali kilimruhusu, kwa hiyo sikuvunja sheria yoyote, lakini nilikuwa nimekaa wiki nzima nawaacha madume wadogo nikijisifu, halafu nikampiga mdogo kuliko wote. Tangu hapo nina masharti yangu kwa wasio na pembe. Aliye peke yake simpigi mpaka nipate wa kumlinganisha naye, kwa kuwa watoto wa kiume ndio wepesi kutangulia. Kichwa cha jike ni cha mviringo kati ya masikio. Cha dume mchanga ni bapa. Jike mzima ana mwili mrefu kama sanduku la nguo, mtoto ni mraba kama begi la shule.

Sasa, kwa nini kumwacha? Ukimuuliza mtu kambini atakwambia pembe, na wala haoni haya. Mimi pembe sizichukii, ninazo mbili ukutani. Lakini sababu inayonishika zaidi ni mpangilio wa kundi. Palipo na majike wengi na madume wachache, tena watoto watupu, baadhi ya majike hupitwa na joto la kwanza la kupandwa, la Novemba, bila kushika mimba. Joto hurudi baada ya takribani siku 28. Mimba ni siku 200 hivi. Fanya hesabu: ndama aliyepaswa kuzaliwa mwanzo wa Juni anazaliwa Julai, na baridi inamkuta hajapata mafuta ya kutosha.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Anayewaacha madume wadogo miaka kumi wala hapigi jike hata mmoja hajatunza chochote. Ameongeza midomo. Nenda kwenye msitu wa mtu wa namna hiyo uangalie chini: hakuna mche wa mwaloni uliofika goti, maua ya pori yameliwa mpaka shina, na kilichobaki ni zulia la kangaga, kwa kuwa kulungu hawazipendi. Pennsylvania ina misitu mingi ya hivyo. Ukiniuliza mgeni afanye nini mwaka wake wa kwanza kusaidia kundi, nitamjibu apige jike, ajue kumpasua, ashibe nyama yake, na suala la madume liende polepole.

Jambo jingine hawakwambii: dume mdogo unayemwacha si wako, na huenda usimwone tena. Madume wengi wa umri huo huhama walikozaliwa, wengine wakivuka kilomita nane na zaidi kabla ya kutulia. Uliyemwona leo pengine alizaliwa bonde la tatu. Na wako, yule uliyempiga picha akiwa na madoa mgongoni, sasa hivi anapita chini ya kichanja cha mtu usiyemjua. Basi ukimwacha, umwache kwelikweli. Nimeona mtu akimwacha dume Jumamosi, Jumatatu jirani akampiga, naye akakaa wiki mbili hamsemeshi jirani. Huko si kuacha, ni kuweka rehani.

Linalonikera kuliko yote ni aibu inayopakwa wageni. Kuna kambi moja, sitaitaja, ambako kijana alileta dume wake wa kwanza kabisa, ncha sita, halali kwa kila kipimo. Badala ya kupewa mkono akaulizwa, "Hukuweza kumsubiri akue?" Nilimwona anashusha macho. Msimu uliofuata hakuja, na sijui kama aliwahi kurudi porini. Waliosema vile walikuwa na mashamba yao, likizo za wiki mbili, na madume ishirini nyuma yao. Yeye alikuwa na siku mbili za mapumziko na ardhi ya umma ambayo wengine mia wanaikanyaga. Kuacha ni hiari ya mtu aliyeshiba, kwa nyama au kwa uzoefu. Mtoto anayepiga wa kwanza, mzee anayehisi huu huenda ni msimu wake wa mwisho, mama anayetafuta nyama ya kujaza friza, hao usiwahesabie ncha wala miaka. Wakizingatia sheria na wakipiga vizuri, wameshamaliza wajibu wao.

Kupiga vizuri nakusisitiza. Afadhali umpige wa mwaka mmoja na nusu ubavuni, aanguke baada ya hatua thelathini, kuliko kumtamani mkubwa ukamjaribu mbali kupita uwezo wako, ukamtafuta usiku kucha kwa tochi na usimpate.

Na kuna mahali ambapo ushauri wote huu wa kuacha unageuka. CWD, ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu mpaka kufa, ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na ukaingia Pennsylvania 2012. Hauna dawa wala chanjo. Madume hupatikana nao zaidi kuliko majike, na kadiri umri unavyopanda ndivyo uwezekano unavyopanda. Tena dume kijana anayehama huweza kuuhamisha. Ndiyo maana Missouri waliliondoa sharti la ncha katika kaunti za eneo la ugonjwa. Ukiwinda katika eneo lililotangazwa, soma kanuni za mwaka huo, peleka kichwa kikapimwe, na usijione mwema kwa kumwacha dume.

Miaka michache iliyopita, Jumamosi ya ufunguzi, dume wa ncha saba alinipitia chini kabisa, karibu hata nikasikia pumzi. Nilimfunika pembe kwa kidole, nikampa miaka miwili na nusu, nikamwacha, nikajipongeza kwa jicho langu. Jumatatu jioni mlio mmoja ukasikika ng'ambo ya uzio. Nikateremka. Alikuwa mtoto wa jirani, miaka kumi na mitatu, amesimama kando ya dume yuleyule. Nilimjua kwa ncha moja iliyovunjika. Mikono inamtetemeka, baba yake anacheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja. Nikawasaidia kumburuta mpaka kwenye gari. Pale nyuma ya gari nikampasua shavu, nikamulika taya la chini, nikamwonyesha kijana gego la tatu kutoka mbele: la utu uzima lina vilele viwili, la utoto lina vitatu, nalo hubadilika akikaribia miezi kumi na tisa. Akavua glavu, akaingiza kidole, akahesabu taratibu. Moja, mbili, tatu. Mwaka mmoja na nusu, na mimi na jicho langu tulikuwa tumemwongezea mzima. Akaniuliza kama anaweza kubaki na taya.