Kuelea na kudunda ukitua Arusha: jibu kwa mwenzetu aliyejifunzia Dar

Mkuu, umesema ulijifunza kuruka Dar, leseni ya rubani binafsi unayo, na sasa umehamia Arusha unarusha ndege ndogo aina ya Cessna 172 ile ile uliyoizoea. Kila ukitua mchana ndege inaelea weee, kisha inadunda. Umeuliza pia kama uko tayari kwenda Seronera, kile kiwanja cha ndani ya Serengeti, peke yako. Mimi naruka kutokea hapa Arusha, na shida yako nimeiona kwa wenzetu wengi waliotoka pwani. Haianzii pale magurudumu yanapogusa lami. Inaanza ukiwa bado juu, umeielekea njia ya kutulia.

Umeandika kwamba unaongeza noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kwenye kasi "kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi". Hapo ndipo penyewe. Hewa ni nyepesi kweli, ila kipimo cha kasi nacho kinasoma hewa hiyo hiyo. Bawa linaloibeba ndege kipimo kikisoma 65 Dar, litaibeba kikisoma 65 Arusha. Kinachobadilika ni mwendo wako halisi juu ya ardhi. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa kama ya futi 7,200. Kwa hiyo ukija na 65 ile ile, unaifikia lami na noti 5 au 6 zaidi ya ulivyozoea Dar, hata pasipo upepo. Juu ya hizo wewe umeweka 10 zako. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi, hivyo ndege inafika chini na nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ile uliyozoea kuimaliza. Karibu na ardhi ukinzani wa bawa unapungua, basi itaelea tu mpaka nguvu hiyo iishe.

Lipo pia kosa la upande wa pili, na hilo naliogopa zaidi. Ardhi inakimbia chini yako, macho yanakwambia umezidisha mwendo, unapunguza nguvu ya injini bila kutazama kipimo. Uko kwenye kona ya mwisho, upepo umekusukuma ukapitiliza mstari wa njia, unakanyaga pedali ili pua irudi, huku unavuta usukani. Bawa la ndani likiacha kubeba pale, kimo cha kujiokoa huna. Ukiilaza ndege nyuzi 45 ukang'ang'ania kimo, kasi ambayo bawa linaachia inapanda kwa asilimia 19. Ukipitiliza mstari usiukimbilie. Ghairi, panda, zunguka upya.

Sasa huo mdundo. Niliwahi kusimama kando ya kiwanja kimoja cha changarawe nikamwona mwenzetu anaingia na kasi nyingi hivyo hivyo. Ndege ikagoma kukaa, akailazimisha kwa kusukuma usukani mbele. Gurudumu la pua likatangulia, pua ikarushwa juu, akasukuma tena, na safari hii ikapiga kwa nguvu zaidi. Mdundo wa tatu ulikunja ncha za propela. Alishuka mzima, namshukuru Mungu. Lakini propela ikishagonga ardhi, injini nayo inabidi ifunguliwe ikaguliwe ndani. Tena mguu wa pua kwenye 172 umefungwa kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na rubani, kwa hiyo ukuta nao mara nyingi hujikunja. Kabla ya mdundo wa pili alikuwa na nafasi ya kuondoka. Tatizo ni mwili: ndege ikiruka juu, mkono unataka kuishusha kwa nguvu. Uzoeze mkono jambo moja tu: nguvu zote za injini, pua usawa wa upeo wa macho, ondoka. Mdundo ukiwa mdogo, unaweza kuishikilia pua ilipo na kutua tena kwa utulivu kama njia bado ipo ya kutosha. Ukishadunda kwa pua, usijaribu kuuokoa.

Na kuondoka kwenyewe huku si kama Dar. Pwani ulizoea kutua na kishikio cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kimesukumwa hadi mwisho, mafuta yakiwa mengi kabisa. Huku ukifanya hivyo mafuta yanazidi hewa iliyopo, na siku unapoitaka injini inakunyima nguvu. Rekebisha kabla ya kutua kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza. Hata ukirekebisha, saa za jua kali karibu robo ya nguvu ya injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) haipo. Flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zitoke nyuzi 30 ziende 20 mara moja, zilizobaki uzirudishe kidogo kidogo ukishapata kasi. Ukizirudisha zote kwa mkupuo ndege inazama.

Kwa mazoezi, tafuta mwalimu aliyezoea nyanda za juu, mwende saa nane mchana, siyo asubuhi. Shika kasi ya kitabu, chagua alama moja kwenye njia, na kama magurudumu hayajagusa ndani ya theluthi ya kwanza, ghairi bila kubishana. Ukianza kuinua pua, macho yaende mwisho wa njia. Wanaotazama karibu na pua huinua mapema mno au wakachelewa.

Seronera, kwa sasa bado. Kiwanja kiko zaidi ya futi 5,000 na wanyama wako pale pale. Mchana wa Arusha ukikukalia vizuri, nenda na mwenyeji kwanza, asubuhi na mapema. Piteni juu mtazame kama kuna nyumbu au swala na upepo unatoka wapi, ndipo mzunguke mshuke. Mnyama anaweza kuingia njiani mkiwa mmeshaanza kushuka, kwa hiyo bebeni mafuta ya kuzunguka na ya kurudi Arusha bila kugusa chini.