Maswali na majibu: Kanali Kalpaks, Mlatvia

Niligusia juzi jina la Oskars Kalpaks, kamanda wa kwanza wa jeshi la Latvia, nchi ndogo ya Ulaya kando ya Bahari ya Baltiki, na maswali hayajakatika tangu hapo. Haya machache.

*Mbona kwenye picha zake kavaa sare za Urusi? Si msaliti huyo?*

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Kalpaks alizaliwa 1882 huko Meirāni, Latvia ikiwa sehemu ya himaya ya Urusi. Alimaliza chuo cha kijeshi cha Irkutsk mwaka 1908, akapigana Vita Kuu ya Kwanza chini ya mfalme wa Urusi. Latvia ilijitangazia uhuru 18 Novemba 1918. Kabla ya siku hiyo angevaa sare za nani? Ukishika picha ya ofisa yeyote, tafuta mwaka kwanza, matusi baadaye.

*Latvia ndiyo Lithuania?*

Hapana. Fungua ramani.

*Ni kweli aliuawa na wenzake?*

Kweli. Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi, walipoitwaa Riga, mji mkuu wa Latvia, mwanzoni mwa Januari 1919, Kalpaks alirudi nyuma kuelekea magharibi na batalioni ya watu mia chache tu. Tarehe 29 wakaukomboa mji wa Skrunda, kando ya mto Venta. Lakini walipigana bega kwa bega na Wajerumani, ambao hawakuja pale kuwajengea Walatvia nchi.

Machi 6, kwenye shamba la Airītes, watu wake na kikosi cha Kijerumani wakadhaniana adui. Hakuna aliyekuwa na simu ya upepo kuuliza "nyie nani?" Risasi zikalia, Kalpaks akaanguka pamoja na maofisa wenzake. Wanaodai ilikuwa njama walete ushahidi. Ninachokijua ni kwamba Juni mwaka huohuo Walatvia, wakisaidiwa na Waestonia, walipigana dhidi ya Wajerumani haohao huko Cēsis. Ndiyo bei ya bunduki ya kuazima.

*Nani alimrithi?*

Jānis Balodis, aliyewahi kuwa mateka wa Wajerumani. Alipanda hadi mkuu wa jeshi zima, kisha waziri wa vita. Mashabiki wake huruka Mei 15, 1934, aliposhirikiana na waziri mkuu Ulmanis kulifunga bunge. Mimi siruki. Wasovieti walimhamishia Urusi 1940. Alirudi 1956, akafariki 1965.

*Na Vācietis, Mlatvia wa Jeshi Jekundu la Wabolsheviki? Huyo si msaliti?*

Jukums Vācietis aliwekwa kamanda mkuu wa jeshi hilo Septemba 1918, Latvia haijatangazwa bado. Haya, alimsaliti nani? Na jeshi lililomkabili Kalpaks lilijaa Walatvia, kwa hiyo msiniletee habari za "Warusi dhidi ya Walatvia". Vācietis aliondolewa Julai 1919, akawekwa ndani, akaachiwa, akafundisha chuoni. Mwaka 1938 utawala wa Stalin ukampiga risasi.

*Kalpaks kazikwa wapi?*

Visagals, karibu na alikozaliwa.