Nyuma ya mwenye meza: misimu yangu minne kwenye kipindi cha kejeli za siasa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama yule jamaa anayekaa mezani kwenye runinga na kuwasuta wanasiasa anatunga vichekesho vyote mwenyewe, na kama ni kweli wanakata maneno ya watu makusudi ili wachekeshe. La kwanza, hapana, hatungi vyote, na sijui binadamu gani angeweza. La pili lina kisa chake, nitakifikia.

Nimefanya kazi kwenye kipindi cha aina hiyo misimu minne. Jina lake naliweka kapuni. Sikuwahi kuonekana kwenye kamera hata siku moja, ukiondoa kiwiko changu cha kushoto, usiku mmoja nilipochelewa kutoka jukwaani.

Watu wakiambiwa "walio nyuma ya kipindi" wanawafikiria waandishi, na kweli wapo. Ila ninayetaka kumtetea hapa ni mwingine: mtafuta vipande vya video. Sisi tulimwita mtu wa kanda, ingawa kanda zenyewe zilishakufa na kila kitu kiko kwenye diski. Mimi nilianzia hapo.

Asubuhi unavaa spika za masikioni, unafungua kikao cha bunge chenye urefu wa saa sita, unaanza. Unakisikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu mpaka waheshimiwa wote wanasikika kama watoto wanaogombania mpira. Ukitoka mle, mwenzako akikusalimia unaona anavuta maneno kama mlevi. Na usidhani unatafuta kichekesho. Ukitafuta kichekesho utatoka mikono mitupu. Unamtafuta mtu anayekana leo jambo alilolisema mwenyewe zamani, akiwa mzima, kamera ikimwangalia.

Mfano mmoja sitausahau. Waziri mmoja aliulizwa kuhusu mradi uliokwama, akajibu, "Mimi sijawahi kuahidi tarehe." Nikakumbuka kidole. Yule bwana alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kidole cha shahada kila anapotaja jambo zito. Nilirudi nyuma miaka miwili ya mahojiano nikitafuta kidole, si maneno. Nikakipata mara tatu, tarehe tatu tofauti, meza tatu tofauti. Mhariri wa video akazipanga: gonga, tarehe, gonga, tarehe, gonga, tarehe. Halafu ya leo: "Sijawahi kuahidi tarehe." Gonga.

Waandishi walikuwa wameandaa mistari kumi na mmoja ya kusemwa baada ya hapo. Usiku ule mwenye meza hakusema hata mmoja. Aliangalia kamera, akagonga meza kwa kidole. Ukumbi ulicheka mpaka mratibu wa jukwaa akaanza kutuonyesha saa yake.

Kazi hii hatukuibuni sisi. Chukua The Daily Show ya Marekani, ambayo wengi wanadhani ni mali ya Jon Stewart tangu siku ya kwanza. Ilianzishwa na wanawake wawili, Lizz Winstead na Madeleine Smithberg, ikaenda hewani Julai 1996 kwenye Comedy Central, na aliyekaa mezani alikuwa Craig Kilborn. Stewart aliingia Januari 1999. Mwaka huohuo akaja Ben Karlin, aliyetokea gazeti la mzaha la The Onion, akawa mwandishi mkuu, na kipindi kikaanza kuachana na umbea wa mastaa na kuzigeukia siasa na vyombo vya habari. Hapo ndipo mtu wa kanda akawa dhahabu. Wao walikuwa na Adam Chodikoff, mtafiti aliyesifika kwa kufukua kauli ya zamani inayompiga kofi msemaji wake. Ukiona kwenye vipindi vile mwanasiasa anabishana na yeye mwenyewe wa miaka mitatu nyuma, ujue kuna mtu alikaa na mashine akakosa usingizi.

Sasa hilo la kukata maneno. Makusudi, sikuwahi kuliona. Kwa haraka, ndiyo, na mkataji alikuwa mimi.

Ilikuwa siku ya kurekodi, saa nane mchana. Kuna kipande kilikuwa kinazunguka mtandaoni, mbunge anasema, "Wananchi hawa wamezidi kulalamika, wakipewa hiki wanataka kile." Sekunde tisa. Kilikaa vizuri mno kwenye skripti, kama kimeshonewa pale. Kazi yangu ilikuwa kutafuta rekodi kamili kabla hakijapita. Nikatafuta dakika ishirini, sikuiona, huku waandishi wananigongea kioo. Nikasema haya, kipite. Kikarushwa, watu wakacheka, nami nikaenda kulala.

Siku mbili baadaye rekodi kamili ikaibuka. Kabla ya zile sekunde tisa, yule mbunge alikuwa amesema, "Wapo wenzangu humu wanaosema kwamba..." Maneno matano. Yeye ndiye alikuwa anawasuta wenzake. Sisi tukamfanya msutwa.

Wiki iliyofuata mwenye meza alifungua kipindi kwa kuomba radhi. Akacheza kipande kizima, akasema, "Tumekosea." Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na nilitamani anitaje, maana ile "tu" ilikuwa na watu arobaini ndani yake na thelathini na tisa hawakuwa na kosa. Tangu siku hiyo niliweka sharti: kipande hakipiti mpaka nisikilize dakika mbili za kabla na dakika mbili za baada, kwenye rekodi yenyewe, si kwa mtu aliyekirusha. Waandishi walilichukia sharti hilo, na vipande vizuri kadhaa vilikufa kwa ajili yake. Sikulilegeza mpaka naondoka.

Mwingine asiyeonekana ni mwanasheria. Wa kwetu alikuwa mpole, tena anapenda mzaha kuliko baadhi ya waandishi, lakini alikuwa na maswali mawili tu: "Hili ni jambo au ni maoni?" na "Karatasi iko wapi?" Ukisema fulani ni kituko, hayo ni maoni. Ukisema fulani alisaini mkataba, lete karatasi. Watu hawajui kwamba kwenye mzaha wa siasa sehemu ya mzaha ndiyo iliyo salama. Hatari inakaa kwenye ile sentensi kavu inayotangulia, yenye jina na tarehe. Juni 2017 John Oliver, wa Last Week Tonight ya HBO, alimpiga vijembe tajiri wa makaa ya mawe Robert Murray, akaleta hadi mtu aliyevaa vazi la kindi. Murray akashtaki mara moja. Februari 2018 mahakama ya West Virginia ikaitupa kesi, Murray akakata rufaa, na 2019 akaiacha. Walishinda, ila kushinda nako kuna bili. Ndiyo maana vipindi hivi vinaajiri watafiti waliotoka vyumba vya habari. Kindi ni rahisi kumpata.

Chumba cha waandishi nilihamia msimu wa tatu. Nilidhani ni sehemu ya kucheka kutwa. Tulikuwa saba, tunaangaliana kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Mwandishi mkuu alikusanya mistari yetu bila majina na kuisoma kwa sauti ya mtu anayehesabu vipuri ghalani, bila madoido. Makusudi. Alisema mstari ukichekesha ukisomwa hivyo, basi una miguu yake. Kwa mistari sitini ya asubuhi, tisa au kumi ilifika jioni. Mimi wiki tatu za kwanza sikufikisha hata mmoja. Wa kwanza wangu uliofika ulikatwa katikati, na nusu iliyobaki ndiyo ilichekesha.

Na kulikuwa na vita vya makofi. Hadhira ya vipindi hivi inakuja na msimamo wake mfukoni; ukiwaambia wanachokiamini wanapiga makofi, na ukizoea makofi unasahau kuchekesha. Mwandishi mkuu alikaa nyuma ya ukumbi na nakala ya skripti, kila penye makofi bila kicheko anaandika M. Kesho yake M zikizidi tatu tunasemwa mpaka chai inapoa. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani vipindi vingi vya siku hizi vimejaa M tupu, lakini huo ni uzi mwingine.

Kipimo chetu kikubwa hakikuwa hadhira. Kwenye mazoezi ukumbi ni mtupu, wapo mafundi tu, na fundi wa kamera namba mbili alikuwa mzee ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Amerekodi mazishi, mpira, ibada, hotuba. Uso ni uleule. Siku moja katikati ya mazoezi picha ya kamera mbili ikatikisika. Mwongozaji akafoka kutoka chumba cha mitambo, "Kamera mbili, tulia!" Sisi waandishi tukapeana mikono.

Wapo wengine ambao nikiwataja wote tutakesha: yule anayechangamsha ukumbi nusu saa kabla ya kurekodi, maana watu wakikaa kimya hata kichekesho kizuri kinadondoka kama jiwe kwenye mchanga, anayesukuma maneno kwenye teleprompta, ile skrini anayoisoma mwenye meza, ambaye lazima ajue mwenye meza anavuta pumzi wapi, mpambaji, ambaye ndiye mtu wa kwanza kujua leo bosi kaamka vibaya. Kwenye vipindi vya vikaragosi ni zaidi. Angalia The XYZ Show ya Kenya, iliyoanza 2009 chini ya mchora katuni Gado, au Spitting Image ya Uingereza, iliyoanza 1984: anayefinyanga sura ni mmoja, anayeingiza mkono ni mwingine, na sauti inatoka kwa mtu wa tatu. Mheshimiwa mmoja wa mpira, watu watatu ndani yake.

Anayedhani mwenye meza anatosha peke yake aukumbuke mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Novemba 5, 2007 na kwisha Februari 12, 2008. Vipindi vya usiku vilizimika. Januari 7 Stewart na Stephen Colbert, mwenye meza wa The Colbert Report, walirudi hewani bila waandishi, na Stewart akabadilisha jina la kipindi kwa muda, kikawa A Daily Show, yaani hiki ni kipindi tu, kile chenyewe hakipo. Mgomo wa 2023 ulikuwa mrefu zaidi, siku 148 kuanzia Mei 2, na vipindi vya usiku vikabaki kurudia vya zamani. Wenye meza wote walikuwepo, wazima wa afya. Hakukuwa na cha kusoma.

Ila nisimdhulumu mwenye meza wetu. Baada ya mazoezi tulikuwa na dakika arobaini kabla hadhira haijaingia, na humo ndimo alimofanya kazi yake halisi. Anaingia chumbani na mwandishi mkuu na yule wa teleprompta, anafuta. Hakuwa mtunzi mkubwa. Alikuwa na sikio. Aliweza kuushika mstari uliotuchekesha sote asubuhi nzima akasema, "Huu ni mzuri, lakini ukitoka kinywani kwangu utakuwa uonevu," na ukiusikiliza tena unamwelewa. Mara mojamoja alibadilisha neno moja la mwisho na kuliweka la kwake, na hilo la kwake ndilo lililonukuliwa kesho yake kila mahali. Inaniuma kidogo hadi leo. Halafu akitoka nje, wanaomfuata kumtukana wanamfuata yeye. Mtu wa kanda anapita pembeni na mkoba wake, hakuna anayemjua.

Kwa hiyo mkuu, ukitaka kuwaona hao watu, usizime runinga kipindi kikiisha. Majina yanapita kwa kasi, lakini wamo. Mtafiti huwa katikati huko, karibu na mpambaji. Langu lilikosewa herufi msimu mzima wa kwanza. Nilipoenda kulalamika, mtayarishaji akaniangalia usoni akasema, "Karatasi iko wapi?" Nikarudi kesho yake na cheti cha kuzaliwa.